Fedha ya Nyundo ya Uingereza

Kabla ya mwaka 1662, wasikilizaji, sarafu nyingi za fedha za Uingereza zilifuliwa kwa mkono. Fundi aliweka kipande cha fedha juu ya muhuri wa chuma, akaweka muhuri wa pili juu yake, akapiga nyundo. Sura ya mfalme ikatokea, lakini ukingo haukuwa sawasawa. Basi wevi walikata ukingo kwa mkasi, wakayeyusha vipande, na sarafu wakaitumia kana kwamba ni nzima. Tendo hilo lilihesabiwa uhaini, na adhabu yake kifo. Hata hivyo halikukoma.

Mashine zikaleta sarafu zenye ukingo wa alama. Watu wakazificha, maana nani atoe nzito ikiwa nyepesi yapokewa? Kufika 1695 sarafu nyingi za nyundo zilibaki karibu nusu ya uzani wake. Mwaka 1696 Mfalme William wa Tatu alizikusanya ziyeyushwe. Isaac Newton, yule mwanachuoni mashuhuri, akawa miongoni mwa wasimamizi. Mlipa kodi aliweza kuzitoa kwa thamani kamili hadi tarehe 4 Mei. Maskini asiyetozwa kodi alibaki na fedha pungufu mkononi.