Profesa, mwanafunzi na mfumo uliodaiwa kupitwa na wakati

Jumatano tarehe 29 Januari 1992, Profesa Andrew Tanenbaum wa Vrije Universiteit, Amsterdam, alituma ujumbe kwenye kundi la Usenet walikokutana watumiaji wa Minix, mfumo endeshi alioutunga mwenyewe. Kichwa cha ujumbe kilitangaza kwamba Linux imepitwa na wakati. Linux hiyo ilikuwa haijamaliza hata nusu mwaka tangu toleo lake la kwanza litoke. Aliyeiandika, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa miaka 22 mjini Helsinki. Profesa alikuwa na miaka 47, na kitabu chake ndicho kilichomfungua macho kijana yule kuhusu namna mfumo endeshi unavyotengenezwa. Jibu la Torvalds lilikuja siku ile ile, na lilikuja likiwaka.

Wapenzi wa kompyuta wamekuwa wakilisimulia tukio hili kwa zaidi ya miaka 30, mara nyingi kwa namna moja tu: mwanafunzi alimshinda profesa. Nimeyasoma majibizano yale, na sikubaliani na usimulizi huo. Katika hoja iliyowapandisha jazba, profesa alikuwa na haki kuliko anavyosifiwa. Kilichoamua hatima ya mifumo hiyo miwili kilitajwa pembeni, katika sentensi chache kuhusu bei, leseni na nani anaruhusiwa kuigusa kazi ya mwenzake.

Usenet yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kumi na ushei. Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, waliibuni mwaka 1979 ili kompyuta zenye mfumo endeshi wa Unix zipashane habari kwa laini za simu. Ujumbe ulihama kutoka mashine moja hadi nyingine, na kila kituo kikabaki na nakala yake. Makundi mengi hayakuwa na mhariri. Profesa, mhandisi wa kampuni na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza waliandika kwa herufi za aina moja, mmoja chini ya mwenzake, na hakuna aliyemwona mwenziwe usoni. Mapema watu waligundua kwamba maandishi ya namna hiyo huwasha hasira upesi. Mwaka 1982 Scott Fahlman, kwenye ubao wa matangazo wa kompyuta za Carnegie Mellon, alipendekeza ile alama ya nukta mbili, kistari na mabano ili msomaji ajue kwamba mwandishi anatania. Mwaka 1990 Mike Godwin akatunga kanuni yake, kwamba mjadala ukirefuka, uwezekano wa mtu kutoa mlinganisho na Hitler au Wanazi unakaribia kuwa hakika.

Ili kuelewa kwa nini Tanenbaum alijali kiasi kile, inabidi kurudi kwenye chanzo cha Minix. Unix ilizaliwa katika maabara za Bell za kampuni ya AT&T, na kwa miaka kadhaa vyuo vikuu viliipata pamoja na msimbo wake. Kule Sydney, mwalimu John Lions aliandika ufafanuzi wa msimbo wa toleo la sita mwaka 1977, na wanafunzi wa nchi nyingi wakawa wanarudufu nakala. Toleo la saba lilipotoka mwaka 1979, AT&T iliweka sharti kwamba msimbo huo usifundishwe darasani. Walimu wakabaki na nadharia tupu. Tanenbaum aliamua kuandika mfumo wake mwenyewe kuanzia mwanzo, unaofanana na Unix kwa mtumiaji lakini usio na hata mstari mmoja wa AT&T. Aliutoa mwaka 1987 pamoja na kitabu, na takriban mistari 12,000 ya msimbo ikachapishwa humo. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida ya IBM aliweza kuusoma mfumo endeshi mzima, kuubadilisha, na kuona kinachotokea. Kwa maoni yangu, ni wachache waliowahi kuifanyia fani hii kazi ya ualimu iliyo bora kuliko hiyo.

Torvalds alikuwa mmoja wa walionufaika. Januari 1991 alinunua kompyuta yenye chipu ya 386, akaweka Minix. Mambo kadhaa hayakumridhisha, likiwemo namna ya kuunganisha mashine yake na kompyuta za chuo kwa simu, hivyo akajiandikia programu ya kazi hiyo. Programu ikaongezewa uwezo wa kusoma diski, ikaongezewa kingine na kingine, hadi ikakaribia kuwa mfumo endeshi. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaarifu watumiaji wa Minix, katika kundi lao lile lile, kwamba anatengeneza mfumo wa bure kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa mkubwa.

Sasa hoja yenyewe. Kila mfumo endeshi una kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu na muda wa chipu, na inayozungumza na diski, kibodi na skrini. Swali lilikuwa kiini hicho kijengwe vipi. Linux ilijengwa kama nyumba ya chumba kimoja kikubwa: mpishi, fundi na mlinzi wote wamo humo humo, wanapeana vitu mkononi, kazi inakwenda haraka, lakini mmoja akiwasha moto kwa bahati mbaya nyumba yote inaungua. Minix ilikuwa na ukumbi mdogo katikati na vyumba pembeni. Kila kazi ina chumba chake na mlango wake, na atakaye kitu hupeleka ujumbe mlangoni. Muda mwingi hupotea katika kupeleka ujumbe, ila hitilafu ya chumba kimoja haiviangushi vingine.

Tanenbaum aliandika kwamba miongoni mwa wanaoandika mifumo endeshi suala hilo lilikwisha amuliwa, na kwamba kujenga kiini kikubwa cha kipande kimoja mwaka 1991 ni kurudi nyuma hadi miaka ya 1970. Aliongeza kosa la pili: Linux ilifungamanishwa na chipu ya 386 kiasi kwamba isingehamia kwenye mashine nyingine, wakati yeye aliamini ukoo huo wa chipu unaelekea kufa. Kesho yake alimwambia Torvalds ashukuru kwamba si mwanafunzi wake, kwani kwa usanifu ule asingepata alama nzuri. Torvalds alijibu kwamba huenda hata bila yeye asingezipata, maana alikuwa amebishana na mwalimu wa somo hilo hilo chuoni kwake.

Watu hukumbuka kejeli. Mimi navutiwa zaidi na mambo ambayo Torvalds aliyakubali katikati ya hasira zake. Alikiri kwamba kinadharia, na hata kwa uzuri wa usanifu, kiini kidogo ni bora. Alikiri pia kwamba kama kiini cha GNU, mradi wa kutengeneza mfumo huru mfano wa Unix, kingekuwa tayari, asingejisumbua kuanza wa kwake. Utetezi wake ulikuwa mfupi: Linux ipo, inafanya kazi leo, na ni bure. Baadaye aliomba radhi kwa ukali wa lugha yake. Ken Thompson, mmoja wa waliotunga Unix yenyewe, naye aliingia akasema kwamba viini vidogo huenda ndivyo vitakavyotamba siku zijazo, ila kiini cha kipande kimoja ni rahisi zaidi kukitengeneza, na ni rahisi pia kuvurugika kadiri kinavyobadilishwa. Hukumu hiyo ya Thompson imedumu vizuri kuliko za wahasimu wote wawili.

Sasa tuje kwenye yale ya pembeni. Minix iliuzwa na mchapishaji, Prentice Hall. Kwa wakati ule bei yake ilikuwa ndogo, na mwenye kuinunua alipata msimbo wote, lakini hakuruhusiwa kuurekebisha na kuusambaza upya. Bruce Evans, mtaalamu wa Australia, alikuwa ameandika marekebisho muhimu ya kuiwezesha Minix kuzitumia nguvu za 386. Aliyeyataka ilimbidi anunue Minix kwanza, kisha aipachike kazi ya Evans kipande kwa kipande kwa mikono yake. Tanenbaum mwenyewe alikataa maombi mengi ya kuongeza mambo mapya, kwa kuwa alitaka mfumo ubaki mdogo kiasi cha kufundishika katika muhula mmoja. Kama mwalimu alikuwa sahihi kabisa. Lakini wale maelfu waliotaka mashine ya kufanyia kazi hawakuwa na pa kuupeleka mchango wao.

Katika majibizano yale Tanenbaum aliuliza ni nani atakayeuongoza mfumo ulioandikwa na watu elfu moja wenye kujiamini, waliotawanyika duniani kote. Hakuona kama inawezekana. Torvalds alijibu kwamba hana nia ya kuushika usukani peke yake, na kwamba mamlaka pekee aliyonayo ni kuijua Linux kuliko wengine. Wiki zile zile alikuwa anabadilisha leseni. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu yeyote kutoza pesa kwa kuisambaza Linux. Katika maelezo ya toleo la 0.12, Januari 1992, alitangaza kuhamia leseni ya GPL ya mradi wa GNU: mtu yeyote aitumie, aiuze akitaka, aibadilishe, ila akiisambaza kwa wengine awape na msimbo wa mabadiliko yake. Hakuna aliyepandwa na jazba kwa habari hiyo. Nadhani ndiyo iliyokuwa habari kubwa kuliko zote mwezi ule.

Utabiri wa Tanenbaum kuhusu chipu ulikwenda kinyume pande zote mbili. Ukoo wa 386 haukufa. Hadi leo ndio unaoendesha kompyuta nyingi za mezani na seva. Linux nayo haikubaki imefungwa humo. Toleo la 1.2 la mwaka 1995 lilikwisha kuhamia chipu za Alpha, MIPS na SPARC, na waliofanya kazi hiyo ni wale wale elfu moja waliotawanyika. Mwaka 2008 simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni ikiwa na kiini cha Linux ndani yake. Mtu anayetuma pesa leo Mwanza au Kisumu kwa simu ya Android anakitumia, ajue asijue.

Mwaka 2004 ulileta jaribio lililoonyesha tabia ya wahasimu hawa. Kenneth Brown, wa taasisi ya Alexis de Tocqueville ya Marekani, alikuwa akiandaa kitabu chenye hoja kwamba mwanafunzi mmoja hawezi kuandika mfumo endeshi peke yake, hivyo Torvalds lazima alichukua msimbo wa Minix. Alisafiri hadi Amsterdam kumhoji Tanenbaum. Kama profesa angekuwa na kinyongo, hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Badala yake alichapisha maelezo marefu mwezi Mei kumtetea Torvalds waziwazi: Linux iliandikwa na Torvalds mwenyewe, na watu kadhaa, yeye akiwemo, waliwahi kuandika mifumo ya aina hiyo peke yao. Mtaalamu ambaye Brown mwenyewe alimwajiri kulinganisha misimbo hiyo hakukuta dalili ya wizi. Wakati huo huo Tanenbaum hakubadili neno kuhusu usanifu. Bado aliona kiini cha kipande kimoja ni kosa. Namheshimu sana kwa hilo. Alitenganisha hoja na mtu mbele ya dunia nzima, miaka 12 baada ya kutukaniwa kazi yake.

Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Leseni ya programu hizo iliwaruhusu kuzitafsiri na kuzisambaza bila kubisha hodi kwa kampuni yoyote. Ule uhuru uliotajwa kwa sentensi mbili tatu mwaka 1992 ulikuwa umefika kwenye lugha yetu.

Tanenbaum hakukaa akinung'unika. Mwaka 2005 alitoa Minix 3, ambamo programu ya kuendesha kifaa ikianguka huwashwa upya yenyewe na mtumiaji akaendelea na kazi. Fikra ya kiini kidogo imeshika mahali ambapo kuanguka hakuvumiliki: mfumo wa QNX umo kwenye magari na vifaa vya hospitali, na Apple hutumia kiini cha familia ya L4 katika sehemu inayolinda siri za simu zake. Torvalds naye lugha yake ya 1992 ilimfuata. Mwaka baada ya mwaka aliwafokea wachangiaji kwa barua zilizosomwa na wote, na baadhi ya watu wazuri wakaondoka. Mnamo Septemba 2018 aliomba radhi hadharani na kukaa kando kwa wiki kadhaa. Wanaosifu ukali wake kama siri ya mafanikio ya Linux hawajahesabu waliopotea.

Mwezi Novemba 2017 mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja. Orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani ilionyesha kwamba zote, bila kubakiza hata moja, zinatumia Linux. Na baada ya watafiti kugundua kwamba Intel imeficha Minix ndani ya chipu zake, katika kile kijimfumo kinachosimamia mashine kwa siri, Tanenbaum aliiandikia kampuni hiyo barua ya wazi. Alisema wahandisi wake waliwahi kumuuliza maswali na kuomba mabadiliko madogo, kisha wakanyamaza. Tangu mwaka 2000 Minix ilikuwa na leseni ya BSD, isiyomdai mtumiaji msimbo wa mabadiliko yake wala taarifa, kwa hiyo Intel haikulazimika kumjulisha. Alichosema ni kwamba ingekuwa uungwana kumwambia.

Wasomaji wengi walimrudi: angetumia GPL, Intel ingelazimika kuonyesha ilichobadilisha. Akajibu kwamba kampuni huikimbia GPL kwa sababu hazitaki kugharimia marekebisho kisha kuwakabidhi washindani wao, na kwamba kwa leseni hiyo Intel ingechagua kitu kingine. Siafikiani naye. Mfumo unaokaa ndani ya mamilioni ya kompyuta bila mwenye kompyuta kuweza kuukagua ni hasara kwa umma, hata kama jina la mtunzi wake limetukuka. Torvalds bado anatoa toleo jipya la Linux kila baada ya wiki tisa au kumi, chini ya leseni aliyoichagua akiwa na miaka 22, na mwaka 2007 lilipotoka toleo la tatu la GPL alikataa kulihamia, akaanzisha mabishano mengine yanayoendelea mpaka sasa.