Hilo Si Kasri, Wasee. Ni Zahanati

Acha nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kufika Zanzibar, nilishuka boti na kabla hata sijatafuta pa kulala nishatoa simu. Pale Mizingani kuna jengo linaangalia bandari, roshani zake za mbao zimechongwa mpaka zinakaa kama lesi. Nikapiga picha, nikaposti: "Niko kwa kasri la sultani." Watu wakapenda sana.

Jioni nikiwa nakula urojo, nikamwonyesha bi mkubwa aliyekuwa akiuza. Akacheka. "Mwanangu, sultani hakukaa hapo. Hapo watu wakenda kwa dawa."

Manze, niliskia vibaya. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nikiongea historia kuna wale huniuliza cheti kiko wapi. Sasa hapa sikuhitaji cheti, nilihitaji tu kuuliza kabla ya kuposti. Kwa hivyo nikaenda kusoma, na leo nawalipa deni.

Jengo linaitwa Zahanati ya Zamani. Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekuwa akisimamia ushuru wa forodha Zanzibar. Mwaka wa 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa anatimiza miaka 50 kwa kiti, na Topan akaamua kumuenzi kwa kujenga hospitali. Jiwe la msingi likawekwa mwaka huo. Lakini Topan akafariki 1891, kazi ikiwa haijaisha. Jengo likakamilika 1894, mwenyewe hayupo.

Ukisimama mbele yake utaona lina ndugu India kuliko Uarabuni. Mapambo ya plasta, vioo vya rangi, roshani zilizopangana juu kwa juu, na uwa katikati wa kuleta hewa na mwanga. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari nyingi hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni vyembamba na virefu: upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti. Mkoko ndio ulikuwa unamwambia fundi aishie wapi.

Na pesa? Hapa ndipo wengi hupita haraka. Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara aliyeingia bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali kisiwani mpaka 1897. Hesabu mwenyewe: jengo hili lilianza na likaisha utumwa ukiwa bado halali. Sisemi tuache kuliangalia. Nasema tukisifu mbao, tutaje pia biashara iliyokuwa nyuma ya utajiri huo.

Mwaka wa 1900 hivi likanunuliwa na mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Akaliendesha kama zahanati ya hisani: daktari na dawa chini, wapangaji juu. Watu wakaliita Zahanati ya Ithnashiri. Hapo ndipo jengo la kumsherehekea malkia wa mbali lilianza kuwa na kazi kwa mtu wa karibu, mama mwenye mtoto anayekohoa. Jina lililobaki mpaka leo halikutoka kwa malkia wala kwa Topan. Lilitoka kwa wagonjwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenyewe waliondoka na jengo likaingia mikononi mwa serikali. Likaanza kuoza. Mvua ikaingia, mbao zikalegea. Miaka ya 1990 Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni ukalifufua, mafundi wa hapo wakijifunza upya kazi ya chokaa na kuchonga. Chokaa si urembo. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na lazima uutoe. Ukiupaka saruji, maji yanafungwa ndani na ukuta unaliwa polepole.

Kama unadhani ni maneno ya mafundi tu, tembea kidogo ufukweni hapo hapo mpaka Beit al Ajaib, kasri iliyojengwa 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na watu 2 wakafa, tena ikiwa kwa ukarabati. Jengo la zamani halikungoji upate muda.

Sasa maoni yangu, na mnaweza kunipinga. Leo ile zahanati ni kituo cha utamaduni. Inapendeza, na afadhali hivyo kuliko kifusi. Lakini dawa hakuna. Kuta zimepona, zahanati haikupona. Na hii inaniuma kwa sababu ya nyumbani. Mtaani kwetu Mombasa kulikuwa na duka la dawa la zamani, kaunta ya mbao, droo ndogo ndogo hadi juu. Mwenye duka alikuwa akimpa nyanya yangu dawa za presha kwa mkopo, anaandika kwa daftari, nyanya analipa mwisho wa mwezi. Sasa hapo panauzwa kahawa kwa watalii. Kaunta wameiacha, eti inapendeza kwa picha. Nyanya siku hizi hupanda matatu kwenda kutafuta dawa zile zile.

Kwa hivyo tukisema tunahifadhi mji wa kale, tuulize tunahifadhi nini. Mlango uliochongwa, sawa. Lakini kazi ya ghorofa ya chini je? Ile iliyofanya watu wakaupenda mlango?

Ile picha yangu sikuifuta. Nimebadilisha maneno tu: "Hapa watu wakenda kwa dawa." Na wewe ukipita Mji wa Kale, Lamu au Mombasa, kabla ya kupiga picha muulize mzee aliyekaa barazani: hapa palikuwa na nini? Mpe shikamoo kwanza.