Waliokufa kabla ya kumwona adui

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za gazeti zilinibana. Leo nipo nyumbani Namanyere na nimerudi na mada ya historia, kwa hiyo wale wa siasa mnivumilie.

Chanzo ni ubishi wa kijiweni. Jamaa mmoja alisisitiza kwamba askari akifa mazoezini wakati wa vita, huyo hajafa vitani, amepata ajali tu kama ajali ya basi. Wengi wakakubaliana naye. Mimi sikukubali, ila siku ile sikuwa na hoja ya kusimama nayo. Nikaenda kusoma. Nimekuta kwamba hapa kwetu Tanganyika rubani wa kijeshi alikufa hivyo hivyo, bila risasi, katika miezi minne ya kwanza ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wanajiandaa kwa maonyesho makubwa Dar es Salaam, yaliyopangwa Agosti. Mjerumani mmoja, Bruno Büchner, aliyekuwa bingwa wa mbio za baiskeli kabla ya kugeukia urubani, akaleta ndege kwa meli ili watu walipe kiingilio na kushangaa. Maonyesho hayakufanyika, kwa sababu Agosti hiyo hiyo vita vililipuka. Ile ndege ya kiingilio ikawa ghafla ndiyo jeshi zima la anga la koloni. Büchner aliumia mapema katika safari za mwanzo za vita, ndege ikaharibika, ikatengenezwa, halafu akakabidhiwa ofisa wa jeshi, Erich Henneberger. Novemba 1914 Henneberger aliruka nayo Dar es Salaam, ikaanguka, akafa.

Angalieni mwezi. Mwanzoni mwa Novemba 1914 ndipo vilipopiganwa vita vya Tanga, vile ambavyo kila kitabu cha historia kinavisimulia, von Lettow-Vorbeck kawafukuza Waingereza na Wahindi wao, nyuki nao wakaingilia kati. Siku chache baadaye huku Dar mtu anakufa kwenye ndege bila Mwingereza yeyote karibu. Tanga ina vitabu. Henneberger ana sentensi moja, mara nyingi mwishoni mwa ukurasa.

(Büchner alipona. Baadaye alimiliki hoteli huko Obersalzberg, milimani Bavaria, ambako Hitler alikuwa mgeni, na miaka ya 1930 utawala ule ule ukamng'oa hapo. Kuna watu wana historia jamani!)

Sisi wa Rukwa tusidhani hadithi za ndege za vita ni za pwani tu. Mwaka 1916 Wabelgiji walisafirisha ndege za kutua majini vipande vipande kupitia Kongo hadi Ziwa Tanganyika, wakaziunganisha na kwenda kuangusha mabomu Kigoma. Walichokuwa wanakitafuta ni meli iitwayo Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaja kuiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Ndiyo, Liemba ile ile iliyowabeba bibi na babu zetu kutoka Kipili na Kasanga.

Lakini msiba wenyewe wa mazoezi ulikuja na Vita ya Pili, na ulipiga kambi kwa majirani zetu Kenya.

Mnamjua Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto? Kabla ya uandishi alikuwa mfanyakazi wa Shell, Dar es Salaam. Novemba 1939 akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, RAF. Walikuwa vijana 16, wakifundishwa kwa Tiger Moth, ndege ndogo ya mabawa mawili mawili. Dahl alikuwa mrefu mno hata kichwa kikatokeza juu ya kioo cha mbele. Mwenyewe anasema kwamba kati ya wale 16, 13 walikufa angani katika miaka miwili iliyofuata. Yeye aliponea chupuchupu Septemba 1940 jangwani, akipeleka kwenye kikosi ndege ya Gladiator ambayo hakuwahi kupewa mafunzo yake rasmi. Giza likaingia, mafuta yanakwisha, akajaribu kutua kwenye mawe. Fuvu likapasuka, akawa kipofu kwa muda. Hakuna Mwitaliano aliyempiga risasi siku ile.

Mwaka 1941 RAF walihamishia Nakuru chuo chao kilichoitwa No. 70 OTU. Hii OTU ilikuwa hatua ya mwisho kabla ya mapambano. Kijana ameshajifunza kuruka kwingine, pengine kwenye vyuo vilivyofunguliwa kuanzia 1940 Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo. Sasa anakutanishwa na ndege halisi ya vita na wenzake atakaokwenda nao. Mwishoni mwa 1942 chuo kingine, No. 72 OTU, kikahamia Nanyuki kutoka Sudan. Waliofika walikuwa Waingereza, Waaustralia, watu wa New Zealand na Afrika Kusini, wengi wao na umri wa miaka 20 na kitu. Umri wangu mimi na wengi wenu mnaosoma hapa.

Kwa nini Kenya? Kwa sababu palikuwa salama, na hapo ndipo penye kichekesho kichungu. Ngome ya mwisho ya Waitaliano kule Ethiopia, Gondar, iliangguka Novemba 1941, na baada ya hapo hapakuwa na ndege ya adui ya kuogopa katika anga ya Kenya. Kuna nafasi, kuna jua, kuna amani. Na bado ndege zilianguka, na makaburi yakaongezeka.

Hapa naomba niwe mwalimu wa fizikia kidogo, maana sisi watu wa Ufipa jambo hili linatuhusu. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Nakuru ni mita 1,850 hivi, na Nanyuki iko juu zaidi. Ni mwinuko uleule unaotufanya tuvae sweta Juni na Julai. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 16, na jua la mchana likiipasha inazidi kuwa nyepesi. Bawa linabebwa na hewa, na pangaboi linavuta ndege kwa kukamata hewa. Hewa ikipungua, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, na ikishanyanyuka inapanda polepole.

Balaa zaidi ni kwamba macho yanamdanganya rubani. Kipimo cha mwendo ndani ya ndege hufanya kazi kwa msukumo wa hewa. Pale Nakuru kikisema 100, ndege kwa kweli inakwenda karibu 110. Kijana aliyejifunza mahali pa chini anakuja kutua, anaona ardhi inapita kasi kuliko alivyozoea, anadhani amezidisha mwendo. Anapunguza. Bawa linaacha kubeba, na mita chache juu ya ardhi hakuna nafasi ya kusahihisha.

Halafu ndege yenyewe. Waliyokuwa wakijifunzia hasa ni Blenheim, ya injini mbili na watu watatu: rubani, mwongoza njia na mtu wa redio ambaye pia ndiye mpiga bunduki. Blenheim ilikuwa ya kisasa miaka ya katikati ya 1930, lakini kufikia 1941 ilikuwa imepitwa. Baadhi ya vidhibiti vyake, vikiwemo vya kubadilisha mkao wa pangaboi, viliwekwa nyuma ya kiti, kwa hiyo rubani alipaswa kupapasa kwa mkono mahali asipopaona, tena katika dakika ile ngumu ya kuondoka ardhini. Injini moja ikizima dakika hiyo, kabla ndege haijapata mwendo wa kutosha, ile nzima inaigeuza ndege ubavu. Ongeza mazoezi ya usiku, ongeza mawingu ya Aberdare, ongeza Mlima Kenya wenye mita 5,199 uliosimama jirani na Nanyuki. Na ndege ikianguka, wanakufa watatu kwa mpigo. Yule wa redio hakukosea chochote.

Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili duniani, chukua kikosi cha mabomu cha RAF, Bomber Command. Kilipoteza watu 55,573 katika Vita ya Pili, na kati yao zaidi ya 8,000 walikufa katika mafunzo na ajali nyingine zisizo na adui. Wamarekani walipoteza karibu wanaanga 15,000 ndani ya nchi yao wenyewe, mbali kabisa na Mjerumani na Mjapani. Peter Thomas, Mnaijeria wa kwanza kupewa uofisa wa RAF, alimaliza mafunzo yake salama na akaja kufa kwa ajali ya ndege mwaka 1945, vita vikiwa ukingoni.

Makamanda walizijua hesabu hizi. Walitaka marubani wengi haraka, mafunzo yakafupishwa, ndege zilizochoka zikapelekwa vyuoni kwa sababu nzuri zilihitajika mbele. Huo ni uamuzi wa vita kama uamuzi wa kupeleka kikosi kushika mlima. Ndiyo maana siwezi kuiita ajali ya basi.

Wanaotunza makaburi yao wala hawabishani juu ya hili. Baadhi ya vijana wa Nakuru wamelala katika makaburi ya Nakuru North, chini ya uangalizi wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kwa tume hiyo, askari aliyefariki akiwa kazini kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 ni marehemu wa vita, awe amepigwa risasi, ameanguka na ndege au ameugua malaria. Jiwe ni la aina moja kwa wote, lina jina, cheo na tarehe, na halisemi alikufaje.

Safi kabisa. Ila kanuni hiyo haikumfikia kila mtu. Juni 1916 Waingereza waliingia Bismarckburg, Kasanga yetu ya leo, wakitokea Rhodesia ya Kaskazini, na mizigo yao ilibebwa vichwani na wapagazi walioitwa tenga-tenga. Katika vita vile vyote upande wa Waingereza ulitumia wapagazi kama milioni moja, na waliokufa kwa hesabu rasmi ni zaidi ya 90,000. Wengi wao nao hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na uchovu. Wengi hawana jiwe wala jina. Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi.

Haya wadau, naishia hapa. Habari ya Liemba nimeigusa juu juu tu, najua wa Kirando na Kipili mtanilaumu. Nikipata nafasi nitaiandikia yake peke yake.