Kamba ya Mjomba na Sinema ya Bure

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo matatu. Asiyemjua alidhani ni ya kufungia mizigo. Mjomba alikuwa utingo wa gari la sinema, Land Rover iliyozunguka vijiji vyetu vya Korogwe miaka ya 1960, na mimi ndiye niliyeshikishwa ncha ya kamba hiyo chini ya shuka jeupe, yeye akirudi nyuma na ncha ya pili hadi pa kuweka mashine.

Sinema ya bure haikuanza na gari lile. Mwaka 1935, huko juu milimani Vugiri, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianzisha kituo cha kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Hadi kazi inakoma mwaka 1937 zilikuwa zimetoka filamu zipatazo 35, nyingine juu ya safura, nyingine juu ya benki ya akiba ya posta. Sauti ilitoka kwenye santuri, na lori lenye jenereta lilizipeleka Tanganyika na nchi jirani. Zilimwelekeza mtu mzima namna ya kuishi kana kwamba ni mtoto, na hilo silipendi hadi leo. Ila utepe wao ulikuwa wa milimita 16, na utepe wa upana huohuo ndio mjomba aliokuja kuukuta kazini.

Hapo ndipo mafundo yalipotoka. Picha moja ya utepe huo haifiki sentimita moja kwa upana. Kwa lenzi ya milimita 50, ukiweka mashine mita 5 kutoka kwenye shuka, unapata picha yenye upana wa mita 1 kasoro kidogo. Mita 10 zinakupa karibu mita 2. Mita 15, karibu mita 3. Hayo ndiyo mafundo yake matatu. Kila mara umbali ni mara tano ya upana, na kidogo juu yake.

Watu walimpigia kelele aende fundo la tatu, wakitaka picha kubwa. Alikataa, akabaki la pili. Umbali ukizidi maradufu, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne, na taa yake haikuwa na nguvu hiyo, hasa mbalamwezi ikiwaka. Alikataa pia kuiinua pua ya mashine ili picha ipande juu, kwa sababu picha hupanuka juu na kubana chini, watu wakawa na vichwa vikubwa na miguu ya kuku. Alipanga masanduku hadi lenzi ikatazamana na katikati ya shuka.

Kamba hiyo ndiyo iliyopanga hata mkutano. Mashine ilikaa katikati ya watu, mita 10 kutoka kwenye shuka: watoto mbele mchangani, wazee kwenye mabenchi kandokando ya mashine, na waliochelewa wakatazama kutoka nyuma ya shuka, maandishi yakiwa kinyume. Kati ya mashine na shuka njia ilifungwa. Ukikatiza, kivuli chako kinakuwa jitu na kijiji kizima kinakujua.

Juzi mpwa wangu alileta projekta nyumbani ili tutazame mpira. Akaiegemeza kwenye vitabu, pua juu, picha ikapanuka vilevile kama alivyosema mjomba. Kijitabu chake kilisema umbali ni mara 1.5 ya upana: upana wa mita 2 unataka umbali wa mita 3. Tukatafuta meza ndefu zaidi, tukaishusha pua, nikamwomba uzi.

Nawe ukinunua projekta, usitoboe ukuta kwanza. Tafuta namba hiyo kwenye kijitabu, izidishe kwa upana unaoutaka, kisha pima kwa kamba.