Jina Lililopinduliwa: Ged wa Kitabuni na Ged wa Televisheni

Desemba 2004 kituo cha televisheni cha Sci Fi cha Marekani kilionyesha tamthilia iliyotokana na riwaya za Ursula K. Le Guin kuhusu visiwa vya kubuni vya Earthsea. Mwezi huohuo mwandishi mwenyewe alichapisha makala ya malalamiko katika jarida la Slate.

Lalamiko lake kuu lilihusu rangi. Katika A Wizard of Earthsea, riwaya iliyotoka mwaka 1968, Ged, mganga kijana, ana ngozi ya hudhurungi iliyoiva kuelekea wekundu, na rafiki yake Vetch ni mweusi. (Nasema mganga, si mchawi: kwetu mchawi huroga usiku, ilhali Ged anasomea elimu yake chuoni, kisiwani Roke.) Watu weupe kitabuni ni Wakargad, wavamizi. Kwenye televisheni Ged akawa kijana mweupe, na karibu wote waliomzunguka wakawa weupe. Danny Glover, aliyeigiza Ogion, mwalimu wake, alikuwa miongoni mwa wachache wasiokuwa hivyo. Le Guin alieleza kwamba rangi hiyo aliitaja polepole kwa makusudi, ili msomaji mweupe awe amekwisha kuingia moyoni mwa Ged kabla hajatambua kuwa hafanani naye. Mbinu hiyo haina nafasi mbele ya kamera, kwani uso huonekana tangu mwanzo. Lakini kutowezekana kuficha si ruhusa ya kufuta.

Hata hivyo, kwangu mimi niliyefundisha lugha, kuna badiliko jingine linalouma zaidi. Kitabuni shujaa ana majina matatu. Utotoni anaitwa Duny. Watu wote humwita Sparrowhawk, yaani kipanga. Ged ndilo jina lake la kweli, alilopewa na Ogion alipotimiza miaka 13, nalo ni siri, kwa kuwa anayelijua jina la kweli la kitu ana mamlaka juu yake. Kwa kulijua jina la joka Yevaud, Ged analitiisha. Vetch naye, rafiki yake anapokuwa amevunjika moyo, anamtajia lake la kweli, Estarriol. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo katika visiwa hivyo. Sisi tuliolelewa na mabibi wasiotamka majina ya waume zao, wakiwaita “baba fulani” tu, hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Le Guin alizaliwa California mwaka 1929. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia aliyechunguza maisha na lugha za wenyeji wa asili wa jimbo hilo. Mwaka 1911 alijitokeza mtu wa mwisho wa Wayahi, jamii iliyokuwa imeangamizwa na walowezi. Alipoulizwa jina hakulitaja, kwa kuwa desturi ya kwao haikumruhusu. Kroeber akamwita Ishi, neno ambalo katika lugha ya mtu yule lilimaanisha “mtu”, ingawa sikio la Mswahili hulisikia vingine kabisa. Alifariki mwaka 1916 bila kulitoa jina lake. Theodora Kroeber, mama yake Le Guin, aliandika kitabu juu ya maisha yake, kikatoka mwaka 1961. Sidai kwamba Ged ni Ishi. Nasema tu kwamba mwandishi huyu alitoka katika nyumba iliyojua kuwa jina linaweza kuwa mali ya mwisho aliyobakiwa nayo mtu.

Basi watengenezaji wa tamthilia walifanya nini? Waliyapindua majina. Sparrowhawk likawa la siri, na Ged likawa la kuitwa hadharani na kila mtu. Pengine waliona Ged ni fupi, jepesi kwa mwigizaji kulitamka. Kitabuni, kijana huyo anapokutana hatimaye na kivuli kilichomwinda baharini, neno lililo kinywani mwa kila mmoja wao ni lile moja, Ged, na nguvu yake yote inatokana na uchache wa waliowahi kulisikia.