Wa Nani Huyu?

Mpaka unaotenganisha Tunduma ya Tanzania na Nakonde ya Zambia ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Kabla ya hapo, nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilikuwa njia ya misafara ya pembe na ya watu, na Wanyiha na Wanyamwanga waliishi roho juu wakihofia mashambulizi ya Wabemba. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyekaa Utengule, aliandika masimulizi ya wanawake walioyapitia hayo, na baadaye mwanahistoria Marcia Wright akayachambua upya. Mmoja wao ni Narwimba. Alipofiwa na mume, yeye mwenyewe alimwendea mwanaume aitwaye Mirambo (si yule mtemi wa Unyamwezi), akamwomba amwoe ili apate ulinzi. Tumezoea kusema kwamba biashara ya utumwa ndiyo iliyomgeuza mwanamke kuwa kitu. Ombi la Narwimba linaonyesha kwamba shina la jambo liko nyuma ya soko. Jamii ilikuwa imeshaamua kwamba mwanamke hawezi kusimama bila mwanaume wa kumwita wake. Mfanyabiashara alipofika, kazi iliyobaki ilikuwa kupatana bei.

Atakayepinga atasema wanaume nao walitekwa na kuuzwa, na ni kweli. Lakini kwa mwanamke, mstari kati ya mke na mateka ulikuwa mwembamba mno: mateka aliolewa na aliyemteka, na kilichomtofautisha na wake wenzake ni kukosa ndugu wa kumsemea. Hata kuwa na ndugu hakukutosha. Bwanikwa, Mluba wa upande wa Kongo, alitolewa na baba yake mzazi kulipa fidia ya mke wake aliyekufa, kwa sababu watumwa aliokuwa nao hawakutosha kulipa deni. Hapo hakuna mvamizi wa kumlaumu.

Pingamizi zito zaidi linahusu mahari. Wazee husema mahari ni heshima inayofunga koo mbili, na kwamba kuiita bei ni kuitukana mila. Nakubali kwamba hakuna mzazi anayetoa ng'ombe zizini akidhani yuko mnadani. Ila heshima hupimwa pale mambo yanapoharibika, na Tangazo la Sheria za Mila la Tanganyika la mwaka 1963, lililokusanya desturi za jamii zinazofuata ukoo wa baba, linatuonyesha kipimo hicho. Ndoa ikivunjika, marejesho ya mahari yalitegemea nani ana kosa na kama kuna watoto. Mwanaume aliyezaa nje ya ndoa aliweza kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100. Baba ndiye aliyelipwa. Aliyebeba mimba hakutajwa kwenye malipo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ilisema ndoa ni halali hata mahari isipolipwa, hatua kubwa kwa wakati ule, lakini ikamruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 huku mvulana akisubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipokipinga kifungu hicho mahakamani na kushinda mwaka 2016, Serikali ilikata rufaa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwemo hii: ndoa ya mapema humlinda msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Mahakama ya Rufani iliikataa mwaka 2019. Ulinzi ni neno lile lile la Narwimba, ila yeye alilisema akiwa amezungukwa na watekaji.