Tabaka la juu si lazima liwe changa

Wiki jana nilipoteza siku nzima nikisaka hitilafu katika programu. Kumbe faili mbili za kumbukumbu ziliunganishwa, ya zamani ikawa chini ya mpya, nami nikasoma toka juu hadi chini nikidhani ndio mfuatano wa matukio! Basi leo tarakilishi kando kidogo. Nimekumbuka kisa cha Scotland.

Mwaka 1669 Nicolas Steno aliandika kwamba tabaka la chini hutangulia kulala, hivyo ndilo kongwe. Kanuni nzuri, lakini milimani ina mtego.

Kaskazini magharibi mwa Scotland kuna mawe ya chokaa ambamo Charles Peach alipata visukuku mwaka 1854. Juu yake imelala miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, isiyo na visukuku. Roderick Murchison, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uingereza tangu 1855, alisema: iko juu, basi ni changa. James Nicol, profesa wa Aberdeen, akabisha: hapana, ni ya kale, imefika pale kupitia mpasuko. Lakini Murchison alikuwa bwana mkubwa. Nicol alifariki 1879, hoja yake ikiwa bado imewekwa kando.

Mnamo 1882 na 1883 Charles Lapworth, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, alichora ramani ya eneo hilo hatua kwa hatua. Akaona Murchison alikosea. Idara ikawatuma Ben Peach, mwana wa yule Charles, na John Horne wakahakikishe. Mwaka 1884 mkuu mpya, Archibald Geikie, mfuasi wa Murchison, alikiri hadharani: miamba ya kale ilisukumwa kuelekea magharibi, ikapanda juu ya michanga.

Leo tunayo saa ndani ya jiwe lenyewe. Punje za zirkoni hubeba urani inayogeuka risasi polepole. Nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.5 hivi. Ile miamba ya juu ilianza kama mchanga na tope zaidi ya miaka milioni 800 iliyopita. Chokaa ya chini haifiki milioni 540. Msukumo wenyewe ulitokea takriban milioni 430 iliyopita.

Nicol hakuwa na kipimo hicho. Alitazama tu mawe yenyewe badala ya cheo cha msemaji. Nami sasa, kabla ya kuamini mpangilio wa faili, natazama kwanza saa iliyoandikwa kwenye kila mstari.

Haya, tuonane tena.